Mahindi ya Kuku Wasiokuwepo

Mimi nina presha, na soko zima linajua. Nikikaa kula chakula cha mchana pale kibandani kwangu Majengo, hakosekani mtu wa kuninyang'anya chumvi. Muuza vitunguu wa ng'ambo ya njia anaweza kuwaacha wateja wake wamesimama, aje kuuonja mchuzi wangu kwanza. Jirani yangu wa kibanda cha upande wa kulia, mwanamume niliyesoma naye madrasa tukiwa wadogo, hunihubiria mbele za watu kuhusu mafuta, kutembea kwa miguu na kupunguza hasira. Hilo la hasira ndilo hunikasirisha zaidi. Lakini nakiri, nikirudi nyumbani najiona nina watu. Afya yangu ni shughuli ya wengi.

Nimeanza na chumvi kwa sababu watu haohao wenye macho makali juu ya sahani yangu, pamoja na mimi mwenye sahani, kila jioni kwa miaka mingi tuliona kitu kingine kikipita mbele yetu na hatukusema neno. Siandiki haya ili nisifiwe kwa yale niliyoyafanya baadaye. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia wenzangu wakiisimulia habari hii kana kwamba ilianzia hospitali. Ilianzia kwetu, kwenye turubai.

Kwetu tumeuza nafaka Dodoma tangu enzi za babu yake baba yangu, aliyefika hapa na misafara ya biashara, akaoa, akabaki. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa ukoo kushika duka, na mahindi nayafuata mwenyewe Kibaigwa. Madalali wa kule wamenipa jina la utani ambalo sitaliandika, maana sinunui gunia bila kulichoma bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochota punje za katikati ya gunia. Nachoma juu, kati na chini. Nanusa. Natia punje mdomoni naing'ata, na isipolia kwa ukavu naitema, namwambia dalali apeleke kwa mwingine. Anaweza kuapa kwa kila kitabu, mimi sina simile.

Hata hivyo, gunia la mahindi halikosi mabovu. Kuna yaliyobunguliwa na wadudu, kuna yaliyooza ncha, na mwaka ambao mvua inanyesha wakati wa kuvuna kuna yale yenye ukungu wa kijani unaoacha vumbi kidoleni. Ndiyo maana nyuma ya vibanda vyetu kuna wapetaji, wanawake wanaokaa juu ya turubai na ungo, wanapeta na kuchambua hadi mahindi yanang'aa. Mteja wa Dodoma siku hizi ana macho. Anataka mahindi meupe, yaliyolingana, yasiyo na doa.

Desturi yetu ni hii: kilichotolewa kwenye ungo ni mali ya aliyekitoa. Ni nyongeza juu ya ujira wake. Jioni mpetaji huyakusanya mabovu ya siku, huyafunga kwenye khanga au mfuko, halafu huja mbele ya mwenye duka na kuuliza, "Mama, haya ya kuku nichukue?" Nawe unajibu, "Chukua." Hakuna anayechukua bila kuuliza, na hakuna anayejibu vingine. Nimelisikia swali hilo tangu nikiwa binti wa kumpelekea baba yangu chai dukani. Sikumbuki hata siku moja mtu akiuliza, kuku gani?

Mpetaji wangu (nalitumia neno hilo "wangu" kama tulivyolitumia sote, bila kufikiri) alikuwa mwanamke mwembamba kutoka vijiji vya Chemba, wa wale ambao lugha yao ina vidoko, ile milio ya kugonga ulimi. Alihamia mjini baada ya misimu miwili ya mvua kumtupa mkono. Kiswahili alikiongea polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alikuwa mlokole, asiyegusa hata togwa. Kila asubuhi alifika kabla sijafungua, akapiga goti kidogo na kuniambia, "Shikamoo, mama." Nami nikaitikia marahaba huku natafuta funguo.

Alikuwa na mikono ya ajabu. Wapetaji wengine hurusha na kupuliza, yeye aliuzungusha ungo mara tatu tu, mabovu yakajikusanya upande mmoja yenyewe. Mke wa mwanangu aliposhika mimba ya kwanza, nilimwita huyo huyo. Nikampa nusu gunia la mahindi bora niliyokuwa nayo, nikamwambia, "Haya ni ya uji wa mkwe wangu. Usipete. Chambua kwa mkono, punje moja moja. Yenye doa hata la sindano, toa."

"Nimeelewa, mama," akasema. "Mimba haitaki mchezo."

Alikaa siku mbili nzima. Mgongo haukunyooka ila kwa sala na kwa maji ya kunywa. Nilipitisha mkono ndani ya kazi yake na sikuona la kusema. Jioni ya siku ya pili akaja na kifurushi chake, akamwombea mkwe wangu ajifungue salama, kisha akauliza lile swali la kuku. Nikamwambia achukue. Siku hiyohiyo, kwa mikono ileile.

Na mimi nilikuwa najua. Hili lazima liwekwe hapa, mapema, nisije nikajipa mwanya wa kulikwepa. Mabwana shamba walishatuita wauza nafaka kwenye semina, wakatueleza habari za sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu kwenye mahindi na karanga. Walisema inakaa kwenye ini. Walisema kuosha hakuitoi na kupika hakuimalizi. Tukanywa soda, tukapewa bango moja moja la picha, na mimi bango langu nililitundika ndani ya mlango wa stoo. Kila nilipofungua stoo kumpa mpetaji gunia, lile bango lilikuwa usoni kwangu. Yeye hakujua kusoma.

Nimejiuliza mara nyingi tulikuwa tunafikiri nini. Jibu si kwamba hatukufikiri. Tulifikiri, na tulikuwa na maneno ya kutosha. Jirani yangu alikuwa na usemi wake: "Hawa wenzetu wana matumbo ya chuma. Mimi nikila hayo naondoka wiki hiyohiyo, wao wananenepa." Wengine walisema wamekomaa, wamezoea tangu utotoni, jua la kule limeshawaua wadudu tumboni. Tukimwona mtu wa duka anaumwa, ugonjwa wake una jina: presha, sukari, figo, na tunaongea kwa sauti ya chini. Mpetaji akiumwa tunauliza amekula uchafu gani, au amekunywa wapi. Ni kana kwamba mwili wake ulitoka kiwanda kingine, cha vitu vya kazi ngumu. Nami nilisema hivyo. Nilisema nikicheka.

Basi siku moja hakuja. Na ya pili hakuja, na ya tatu.

"Pombe hiyo," akasema jirani yangu, akipima karanga za mteja. "Wakishika vijisenti hawa, umewakosa wiki."

"Labda," nikasema. Mlokole yule! Nami niliyemjua nikasema labda.

Siku ya nne Fuso langu lilishusha mzigo kutoka Kibaigwa na mteja alikuwa anausubiri. Natamani kuandika kwamba huruma ndiyo iliyonitoa dukani. Nilitolewa na mzigo. Nikakodi bajaji hadi Chang'ombe, nikauliza uliza, nikaonyeshwa ua mmoja wenye vyumba vinavyotazamana, choo kimoja na kamba za nguo.

Hakukuwa na kuku. Sikuona hata unyoya. Juu ya bati la choo kulikuwa na mfuko wa salfeti umetandazwa, na juu yake mahindi yaliyooshwa yanakauka. Niliyatambua kama unavyotambua nguo yako kwenye kamba ya jirani. Yalikuwa ya mzigo wa wiki iliyopita, ule ulioloa, ambao nilimlaani dalali kwa ajili yake hadi sauti ikanikauka. Yalikuwa yameoshwa vizuri sana. Ule ukijani ulikuwa karibu umekwisha.

Ndani, kwenye mkeka, alilala mjukuu wake wa kike, wa miaka minne hivi, aliyeachiwa na binti yake anayefanya kazi za ndani Morogoro. Macho ya mtoto yalikuwa ya njano. Tumbo limejaa, miguu imevimba, na midomo imekauka kwa kutapika. Mpetaji alikuwa anamsemesha kwa lugha yao, polepole, vile vidoko vikisikika kama mtu anayevunja vijiti vidogo, na mtoto hamjibu. Nje wapangaji wenzake walikuwa na maoni. Mmoja alisema jicho la mtu. Mwingine alisema minyoo. Wa tatu, mama mwenye duka la mkaa, alinituliza mimi, mgeni aliyevaa vizuri: "Watoto wa huku wanaumwaga hivyo, mama. Hupita."

Nilipiga kelele hata sijui nilisema nini. Nakumbuka nilimbeba yule mtoto mwenyewe, presha na yote, nikamwambia bibi yake, "Vaa viatu. Twende."

Daktari tuliyemkuta alikuwa kijana, ana usingizi machoni na adabu mdomoni. Alimpima mtoto, akambonyeza tumbo, akaagiza damu ichukuliwe. Kisha akaanza maswali. Ameanza lini kutapika? Amepewa dawa yoyote ya miti shamba? Mkojo una rangi gani? Mpetaji alijibu vizuri.

"Na chakula? Anakula nini kwa kawaida?"

"Ugali, daktari."

"Unga wa wapi?"

Akatazama mikono yake. "Wa kawaida tu. Kama watu wote."

Nilielewa palepale. Alikuwa ananilinda. Alikuwa analinda ungo wake pia, maana mpetaji anayeleta balaa kwenye duka la watu hapati turubai jingine. Mtoto yuko mbele yake anazimika, naye anachagua maneno yasiyomgusa tajiri wake.

Nikasema naenda kupiga simu. Sikuwa na wa kumpigia. Nilisimama kwenye korido nikasoma tangazo la kunawa mikono, nikalisoma tena. Nilifikiria leseni yangu. Nilifikiria bwana afya akiingia stoo na daftari, wateja wakihamia soko la Sabasaba, jina la babu kwenye kibao. Nilijiambia kwamba daktari ni msomi, vipimo vitamwonyesha mwenyewe. Sijui nilikaa hapo muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipokuwa nimesimama na aibu zangu, ndani mule kijana yule alikuwa anaandika "ugali wa kawaida," na kwa maneno hayo angemtibu mtoto kwa ugonjwa mwingine, kisha amrudishe kwenye sufuria ileile. Nikapiga moyo konde, nikarudi.

"Daktari, mtoto huyu amekula mahindi yenye ukungu. Yametoka dukani kwangu. Mimi ndiye niliyempa."

Nilitarajia anikunjie sura. Hakunikunjia. Alipiga mstari juu ya alichoandika, akaandika upya. "Kwa muda gani?"

Nikamgeukia mpetaji. Akajibu kwa sauti ndogo, "Tangu aanze kula."

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema atapima na mengine yote yanayoleta manjano, lakini kwa maelezo hayo anaihofia sumukuvu kuliko kitu kingine. Alituambia bila kuficha kwamba hana dawa ya kuitoa sumu hiyo mwilini. Angempa maji, angemsaidia ini lijitahidi, na kazi iliyobaki ni ya mtoto mwenyewe. "Na ya kwenu," akaongeza. "Asionje tena hata punje."

Muuguzi alikuja kuandika maelezo ya bibi wa mgonjwa. Alipouliza umri, mpetaji akautaja. Alikuwa amenizidi miaka minane. Miaka yote ile mwanamke aliyekuwa na haki ya kuamkiwa na mimi ndiye aliyeniamkia, nami nikaipokea shikamoo yake kama kodi ya turubai. Kesho yake asubuhi nilipofika wodini niliwahi kumwamkia mimi. Alishtuka, akageuka nyuma kuangalia nasalimia nani.

Tulikaa kwenye benchi siku nyingi. Siku moja mtoto akiwa amelala, aliniambia, "Nilijua ni mabaya kwa macho. Nilidhani nyinyi wenye maduka hamtaki kitu kibaya kwa macho, basi. Kijijini mwaka wa njaa tunakula yenye sura mbaya kuliko hayo." Akaikunja ncha ya khanga yake. "Kumbe yana sumu. Nani angejua?"

"Hata sisi hatukujua," nikasema.

Uongo huo ulinitoka laini kabisa. Nilidhani namfariji.

Mtoto alipona, na nilikuwa nimeketi pale wiki ya pili alipoomba chai na kukataa isiyo na sukari. Alipona kwa maana ya kwamba alikaa, akasimama, akarudi nyumbani, macho yakatakata. Anahudhuria kliniki hadi leo, na kila kliniki bibi yake hana raha mpaka majibu yatoke. Siku ile nilipomwona anapigania kijiko cha sukari ndipo nilipokata shauri. Dukani kwangu ya kuku yamekwisha.

Nilichimba shimo nyuma ya stoo. Nikawaita wapetaji wote wanaofanya kazi upande wangu, wanne, nikawaambia mabovu yatafukiwa kila jioni mbele ya macho yangu, na badala yake kila mmoja atapimiwa kisado cha mahindi mazuri, yaleyale ninayouza. Nilidhani watapiga vigelegele. Walitazamana.

"Kisado ni kidogo, mama," akasema mmoja. "Ya kuku nilikuwa najaza mfuko."

"Yana sumu!"

"Sisi tumezoea."

Nilitaka kumkaripia, kisha nikasikia maneno yale yametoka wapi. Tulikuwa tumeyasema sana mbele yao hadi yakawa yao. Wawili wakahamia kwa jirani yangu wiki hiyohiyo. Kwake ya kuku yaliendelea kama kawaida, tena mifuko ikawa mikubwa. Yangu niliyafukia, na wanawake walewale wakala ya jirani. Nilikuwa nimesafisha mikono yangu tu, si sahani ya mtu.

Jirani yangu ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya wauza nafaka. Nikamfuata, nikataka jambo liwe sheria ya soko zima, vibanda vyote. Alicheka, akanitania kwamba nimezeeka vibaya. Nilipomfuata tena hakucheka.

"Sikiliza, mtani wangu," akasema. "Neno sumu likitajwa kwenye soko hili, mteja hatauliza ni mahindi yapi. Atakimbia yote. Unataka kutufunga milango? Na hao unaowatetea watapeta nini?"

"Mtoto alitaka kufa."

"Mmoja. Wangapi wamekula miaka yote na wako hai? Hawa miili yao si kama yako, wewe mwenye presha."

Mara ya tatu aliitisha kikao ili kunimaliza, maana alijua kamati iko upande wake. Kikao kilipangwa saa nne asubuhi kwenye ghala lake, na mimi nikaomba jambo moja, kwamba chakula cha kikao kiwe juu yangu. Wakafurahi. Walidhani nimekubali yaishe.

Siku mbili kabla, nilikuwa nimechukua mabovu kabla hayajaenda shimoni. Niliyafanya kama mpetaji alivyonieleza kwenye benchi: nikayaosha maji matatu, nikayaanika, nikayapeleka mashine kukobolewa na kusagwa, na mashine yenyewe nikalipia ifagiliwe na kuoshwa. Ulitoka unga mweupe. Kama hukuambiwa, ungeununua. Asubuhi ya kikao nikasonga ugali, nikaupindua kwenye hotipoti, nikapika na mlenda wa kuvutika wenye karanga nilizochagua mwenyewe. Mkwe wangu alinikuta jikoni akaniuliza ni wa nani. Nilimwambia asikaribie.

Ghalani walikuwa wanaume saba na mimi. Mlango wa ghala ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na wapetaji walikuwa hapo nje kwenye turubai, pamoja na mpetaji wangu, ambaye nilimwomba aje. Nikafunua hotipoti. Mvuke ukapanda. Mwenyekiti akapiga makofi. "Mambo si hayo! Kumbe mwanamke wa shughuli!" Birika la maji likapita, wakanawa mmoja mmoja. Yeye alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Kabla hujamega," nikasema, "huu ni ule wa kuku."

Mkono ukabaki hewani.

"Nimeosha maji matatu kama wanavyoosha wao. Umekobolewa. Ni mweupe, mnauona. Mwenyekiti ameniambia wangapi wamekula miaka yote na wako hai. Sitaki kubishana tena. Karibuni mle, kila mtu tonge moja tu, na mimi nitaacha kuwasumbua maisha yangu yote."

Nilikuwa nimejiandaa kumshika mkono atakayethubutu. Haikuhitajika. Mzee mmoja muuza mchele alijifanya kutafuta leso. Mwingine, aliyekwishakaa mkao wa kula, alirudi nyuma taratibu hadi mgongo ukagusa magunia. Mtu mmoja alisema amefunga, na mikono yake ilikuwa bado inachuruzika maji ya kunawa.

"Tumbo lako la nyama au la chuma?" nikamuuliza mwenyekiti. "Mega."

Alinitazama kwa muda mrefu. Tumejuana miaka mingi, na sikupenda nilichokuwa namfanyia, lakini sikuangalia pembeni. Mwishowe aliufuta mkono wake kwenye kanzu, upande huu na upande ule, kama vile alikuwa amegusa kitu.

"Funika hiyo hotipoti," akasema. Kisha akamwambia katibu, bila kuinua macho, "Andika. Kuanzia kesho mabovu yote yanafukiwa. Vibanda vyote. Na wapetaji wapimiwe mazuri. Kiasi tutapanga leo hii, kabla ya kutoka." Hakuna aliyepinga. Jambo lililonitoa jasho miezi minne lilipita chini ya dakika tano, na mikono yao haijakauka.

Nilijisikia nimekua. Sitaficha, nilifurahi kama bibi harusi. Nilikuwa naifunika hotipoti huku natafuta macho ya mpetaji wangu, nikitegemea kuona shangwe niliyokuwa nayo mimi. Alikuwa amesimama mlangoni, na wenzake watatu nyuma yake. Walikuwa wameona kila kitu: makofi, kunawa, mkono hewani, mkono kwenye kanzu. Hakuwa anamtazama mwenyekiti. Alikuwa ananitazama mimi.

"Hakuna hata mmoja aliyeuliza una nini huo ugali," akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mmesikia ni wa kuku tu, mkaogopa. Kumbe mlikuwa mnajua."

Mwenyekiti alianza kupekua karatasi. Ningeweza kusema tumejua juzi, baada ya mtoto kuugua, na pengine angenikubalia, maana alikuwa mtu wa kukubali. Nikaiweka hotipoti chini, nikapita katikati ya wale wanaume mpaka mlangoni, nikasimama mbele yake.

"Ndiyo, dada," nikasema. "Tulikuwa tunajua. Na mimi nilikuwa najua."